Maisha Yako Yamekwisha, Omba Mengine

"Jirani, hivi kwako anakufa nani kila jioni?"

Swali hilo Bi Mayai alilipitisha juu ya ukuta, trei ya mayai mkononi, kwa sauti ya mtu aliyevumilia vya kutosha. Upande wa pili Mama Pindo alikuwa anaanua nguo. Akakiweka kibanio mdomoni makusudi, apate muda wa kufikiri.

"Anakufa nani tena?" akauliza baada ya kukitoa.

"Ndiyo nakuuliza wewe. Kila nikifungia kuku wangu nasikia, 'Maisha yako yamekwisha.' Jana ukaongeza na 'Ee Mungu wangu, tena?'"

"Ni redio."

"Redio ina sauti yako?"

"Siku hizi kila mtu yumo redioni, jirani."

Akabeba beseni lake, akaingia ndani, akakaa kitandani akijisikia vibaya. Mwanamke mwenye mvi, anayeongoza sala ya akina mama kila wiki, amedanganya kwa ajili ya vifungo. Tena si vifungo vya kushona.

Mama Pindo ni fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu hapokei nguo, hata ya kubadilisha zipu tu, bila kwanza kulipindua pindo na kuguna. Chumba chake cha mbele kina cherehani dirishani, meza ya kukatia, makopo ya vifungo yaliyopangwa kwa rangi, na kiti kimoja cha mgeni ambacho siku zote kina sare za shule juu yake, kwa hiyo wageni husimama. Ndipo alipomlelea mtoto wake wa pekee, binti ambaye sasa yuko mbali kidogo, ana kazi ofisini. Kazi gani hasa, Mama Pindo alikuwa akiulizwa anajibu, "Anaandika maneno kwenye kompyuta," kisha anabadilisha mazungumzo kabla hajaulizwa ni maneno ya nani.

Binti huyo ndiye aliyemnunulia simu ya kugusa, ili wawe wanaonana nyuso. Siku moja Mama Pindo alikuwa anatafuta mishono ya gauni humo, kikajitokeza kioo kizima cha vifungo: vyekundu, vya bluu, vya kijani, vinang'aa kama vimetoka kuoshwa. Akadhani ni duka. Akabonyeza. Vifungo vikajipanga mistari mistari, naye akasubiri bei. Alisubiri sana. Mwisho akagusa kimoja kuona kama ndivyo wanavyochagua, vitatu vya rangi moja vikagusana, vikapasuka kwa mlio mtamu, na maandishi yakatokea: "Hongera, wewe ni bingwa!"

Jamani, Mama Pindo hakumbuki mara ya mwisho kuitwa bingwa na mtu yeyote. Hata marehemu mume wake, mtu mwema, alikuwa akisifu kwa kunyamaza.

Ukawa mwanzo. Mchezo wenyewe unaitwa Karamu ya Vifungo, na ulikuwa wa bure, na hapo ndipo yeye, mtu wa biashara, alipotakiwa kushtuka. Hakuna fundi anayeshona bure mwezi mzima asiwe na lake jambo. Lakini hakushtuka, alifurahi. Wenye mchezo walikuwa wamekaa wakafikiri sana. Wanakupa maisha matano, na hata mwenye nchi hana matano. Ukikosea, unapoteza moja. Yote yakiisha, kioo kinakuwa cheusi na maneno yanatokea: "Maisha yako yamekwisha." Chini yake kuna njia tatu. Usubiri mpaka yajae yenyewe, ununue mengine, au uombe kwa marafiki. Mama Pindo alikuja kuelewa baadaye kwamba watu wale hawauzi vifungo. Wanauza kutokusubiri.

Kununua hakununua, ana mkono wa birika toka utotoni. Alisubiri, huku akitazama matangazo, maana ukitazama tangazo hadi mwisho wanakupunguzia muda. Alitazama tangazo la sabuni moja ya unga mara nyingi mno, hata siku alipokwenda dukani akajikuta ameinunua, na nyumbani alikuwa na sabuni.

Na kwa nini alikuwa anasoma kwa sauti? Aliishia darasa la saba, na mwalimu wake aliamini kwamba asiyesoma kwa sauti hasomi, anatazama tu maandishi. Basi mpaka leo Mama Pindo akiona neno anatamka, hata likiwa limeandikwa kwenye gunia.

Angeweza kumwambia jirani ukweli. Tatizo ni kwamba alishasimama mbele ya akina mama, siku ambayo hakuna aliyemtuma, akazungumza kwa kirefu juu ya michezo ya simu: jinsi inavyokula muda wa watu wazima wenye akili zao. Watu waliguswa. Mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mpana mwenye duka la vyombo, alifuta na machozi. Sasa mtu aliyemliza mwenyekiti atasemaje kwamba yeye mwenyewe yuko hatua ya tisini na kitu?

Yaliyomfichua ni haya. Jioni moja alikuwa amebakiza kidogo apate kifungo cha dhahabu, maisha yakaisha. Sare za shule zilikuwa zinamsubiri mezani, na kusubiri mchezo kungemaanisha kushona, jambo ambalo hakulitaka. Akatazama ile njia ya tatu: "Omba maisha kwa marafiki." Neno omba halikumtisha hata kidogo, ndilo neno lake. Akabonyeza. Simu ikauliza kama inaruhusiwa kuwaandikia watu wote aliowahifadhi. Mama Pindo huwa anaona kukataa ni kukosa adabu. Akabonyeza "Kubali".

Ujumbe uliokwenda kwa kila mtu ulikuwa na picha yake, ile ya studio aliyopiga amekunja uso kama anadaiwa. Mchezo ukaizungushia maua. Chini ukaandika: "Mama Pindo, maisha yake yamekwisha. Mkumbuke rafiki yako leo."

Yeye akaenda kuteleka chai.

Bi Mayai ndiye aliyetangulia, kwa kuwa yuko karibu. Aliingia mlangoni mtandio umefungwa kiunoni, machozi yanamtoka, akamkuta marehemu amesimama na buli, ukanda wa kupimia shingoni.

"Upo?" akauliza.

"Nipo. Karibu chai."

"Sasa aliyekufa ni nani?"

"Wewe ndiye umeingia unalia. Nikuulize mimi."

Bi Mayai akanyoosha simu. Mama Pindo akaisoma, kwa sauti kama kawaida yake, na alipofika kwenye "yamekwisha" jirani akamkazia macho.

"Hiyo sauti," akasema Bi Mayai polepole. "Ndiyo redio yenyewe."

Kabla hajajibu, wenzake walishafika getini. Mwenyekiti alikuwa ameshagawa majukumu njiani: nani apike, nani akaazime viti. Mteja mmoja alikuja analia kwa dhati, na katikati ya kulia akauliza kama kitambaa chake kilikuwa kimeshakatwa au bado. Mama Pindo ikabidi awaeleze wote, amesimama katikati ya chumba chake, kwamba hakufa, alikuwa anacheza.

"Unacheza nini?" mwenyekiti akauliza.

"Vifungo."

"Wewe? Si ndiye uliyetuambia…"

"Niliwaambia, dada. Kila neno nilimaanisha."

Kisha mtu mmoja akacheka puani, na chumba kizima kikafuata, wengine wakishikilia cherehani wasianguke. Katikati ya kicheko hicho simu ililia. Ni binti.

"Mama, upo?"

"Nipo, mwanangu. Ni hadithi ndefu…"

"Basi sawa," binti akasema, akakata.

Hilo lilimchoma. Watu baki wamekuja wanalia, mtoto wa kumzaa anasema basi sawa. Labda ndiyo maana, kicheko kilipotulia na mwenyekiti akauliza huyu aliyewaliza watu wazima ni nani, Mama Pindo hakusema ni mimi niliyebonyeza. Alisema, "Ni huyo aliyeandika haya maneno. Mtu anaandikaje maisha yamekwisha kwenye mchezo? Hakulelewa huyo. Hana mama?"

Kila mtu akakubali kwamba hana.

Mwenyekiti, ambaye ni mwepesi wa simu, akagundua kuna mahali pa kuupa mchezo nyota, kuanzia moja mpaka tano. Ila huwezi kutoa nyota bila kwanza kuuingiza mchezo kwenye simu yako. Basi wakauingiza, kikundi kizima, pamoja na mashemeji na mawifi waliokuwa hawajui hata kesi inahusu nini. Wakatoa nyota moja moja. Mmoja akaandika, "Mmetuliza bila msiba." Bi Mayai akaandika, "Nimeacha kuku nje kwa ajili yenu." Mama Pindo akatafakari, akaandika kwa upole kadiri alivyoweza: "Aliyeandika maneno haya arudi kwa mama yake akafundishwe." Akasaini jina lake, maana hapendi kusema vya kujificha.

Wiki iliyofuata binti alifika bila taarifa. Alisimama mlangoni na begi lake, macho mekundu.

"Mbona ghafla, mwanangu?"

"Nimerudi kwa mama yangu nifundishwe."

Mama Pindo akaziondoa sare za shule kwenye kiti cha mgeni. Kwa nini aliziondoa badala ya kusema chochote hajui, lakini mikono yake ilihitaji kazi.

Binti akaeleza. Ofisi yake inaandikia makampuni ya michezo maneno kwa lugha mbalimbali. Alipewa maneno matupu, bila picha, bila kuonyeshwa kifungo hata kimoja: maisha, yamekwisha, omba. Alijua ni mchezo, hakujua unachezwaje. Alipopata ile picha ya mama yake yenye maua aliitambua sentensi yake mwenyewe, ndiyo maana hakulia. Na sasa wenye mchezo wameona nyota moja zimemwagika kutoka upande huu, wamesema nyota zisipopanda Kiswahili kitatolewa kwenye mchezo. Kikitolewa, na yeye kazi hana.

"Kwa nini hukuniambia ni michezo?" Mama Pindo akauliza.

"Ungesimama uniombee mbele za watu."

Ni kweli angefanya hivyo.

"Na wewe, Mama, kwa nini hukuniambia unacheza?"

"Ungenicheka."

"Nacheka sasa," binti akasema, huku analia.

Mama Pindo akamkalisha, akammiminia chai. Wakaanza kutafuta neno. Mama akajitolea kwa moyo wote, na kila alilolitoa lilikuwa baya kuliko lile la kwanza.

"Sema pumzi. 'Pumzi zako zimekwisha.'"

"Mama."

"Basi roho. 'Umebakiwa na roho mbili.'"

"Watakuja na mganga."

"Siku?"

"'Siku zako zimekwisha.' Watatunyang'anya hata hizo nyota moja moja walizotupatia."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sare. Mama Pindo akaifuta, akainua ile sare kwenye mwanga kuona kama imeacha doa, akaguna kwa mazoea akiona pindo.

"Ukikosea nguo ya mtu," binti akauliza, "unamwambia nini?"

"Namwambia samahani, nipe nafasi nyingine."

Binti akaweka kikombe chini. "Nafasi zako zimekwisha," akasema taratibu, kama anaonja. "Omba nafasi kwa marafiki." Akamtazama mama yake. "Ukiona hivyo, utamlilia mtu?"

"Hapana," Mama Pindo akasema. "Nitaona tu nimechelewa, kama basi limejaa."

Maneno yakapelekwa ofisini, ofisi ikayapeleka kwa wenye mchezo, na baada ya siku chache kioo cheusi kikaanza kusema nafasi. Zikabaki nyota. Binti alimsihi mama yake asihangaike, wakati utazipandisha. Lakini Mama Pindo alijua nani alizishusha, na alijua pia kwamba wenzake wale hadi wakati huo walikuwa wanamlaani mtu asiye na mama.

Siku ya sala alivaa nguo yake nzuri. Alifika mapema, akakaa nyuma badala ya mbele. Wakasali. Mwishoni, kama kawaida, kila mmoja akasimama kutaja ombi lake ili wengine wamsaidie kuliombea. Mmoja akaomba kwa ajili ya goti. Bi Mayai akaomba kwa ajili ya kuku, wamepungua kutaga toka ule usiku waliolala nje, na alipolitaja hilo akamtupia Mama Pindo jicho. Mwenyekiti alipokuwa anasimama, ndani ya mkoba wake kikasikika kile kimlio kitamu cha vifungo vitatu kupasuka. Hakuna aliyegeuka. Mikoba mingine miwili ikajibu.

Mama Pindo akajikaza kisabuni, akasimama, akashika kiti cha mbele yake. Maneno aliyokuwa ameyapanga kwa ufundi nyumbani yote yalimtoka, akabaki na haya:

"Ombi langu ni fupi. Yule niliyesema hana mama, mama yake ni mimi, na kazi yake iko hatarini kwa sababu yangu. Maneno ameshayarekebisha. Naomba kila mmoja afungue mchezo, asome mwenyewe, na akiona yamenyooka ampe nyota anazostahili, asizidishe kwa ajili yangu. Na mwenye nafasi ya ziada, naomba anitumie moja, nimekwama kwenye kifungo cha dhahabu."