Nilisema mwanangu atolewe kwa video ya likizo yetu

Admin, naomba unifiche kabisa, maana watu wanaomuoa msichana wangu wanasomanga hii page.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, niko Kakamega. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mnivumilie. Mungu alinipa watoto wawili tu. Msichana ako na ishirini na saba, anafanya kazi ya ofisi hapa mjini. Kijana ako na ishirini na nne, na huyu ako na kifafa tangu utotoni. Akiwa na miaka sita alianguka kwa moto nikiwa nimeenda kuchota maji, akaungua shavu na mkono. Siku hizi anameza dawa za hospitali, na huu ni mwaka wa pili hajaanguka. Lakini lile kovu, mtu wa huku akiliona tu anajua. Hata haulizi.

Mwaka jana mwezi wa nane msichana alitupeleka likizo Kisumu, siku tatu. Kisumu mimi nilikuwa naendanga sokoni na kurudi. Kulala huko hotelini kama mgeni, kamwe. Walichukua video kwa simu kila mahali. Kuna pahali tumbili alimnyang'anya kijana wangu chapati mkononi, naye akaanza kumbembeleza, "Mzee, si tugawane basi!" Nilicheka mpaka leso ikafunguka.

Tuliporudi msichana akaweka zile video kwa laptop aziunganishe ziwe moja, na nyimbo, na maandishi juu. Jioni nilikuwa nakaa kando yake nikichambua mboga, namuona akikata hapa, akishonea pale. Nilikuwa na furaha sana. Halafu habari ikafika kwamba wazee wa upande wa mchumba wake watakuja kutoka Kabras kuona boma. Mnajua vile kwetu wazee huangalia. Kuna mchawi hapa? Kuna mwendawazimu? Kuna kifafa? Binti ya jirani yangu aliachwa hivyo hivyo, kwa sababu shangazi yake alikuwa na kifafa.

Nikamwambia msichana, "Hiyo video tutawaonyesha wageni. Mtoe ndugu yako."

"Mama, nimtoe wapi? Ako kila mahali."

"Mtoe tu. Wakienda utamrudisha."

Hakuniangalia. Akaanza kukata. Na yeye anampenda huyo mchumba wake. Pale sauti ya ndugu yake ilisikika akaifunika na wimbo.

Kijana nikamtuma Likuyani kwa dada yangu, eti akasaidie kuvuna mahindi. Sikumwambia kuna wageni.

Siku ikafika, wazee wakaja sita. Mchumba mwenyewe hakuja, na yeye alikuwa ameambiwa tu kwamba ndugu ya msichana ako mbali. Wakala, wakafurahi, tukawasha video kwa TV. Mama mmoja kati yao akaniuliza, "Mama, hapo unacheka nini peke yako?" Kwa kweli kwa TV nilikuwa nimeshika leso, nacheka, naangalia kando, na kando hakuna mtu. Nikasema ni tumbili.

Wakati huo mlango ukafunguka. Kijana wangu, na jogoo kwapani. Dada yangu alikuwa amemwambia kuna wageni, bila kujua nimemficha. Akasema, "Hamjambo wazee. Nimeletea wageni wa dada ingokho." Kwetu mgeni hajapokelewa kama hajapewa kuku.

Mzee mmoja akaangalia shavu lake, kisha akaniangalia mimi. "Na huyu ni nani?"

Ndugu zangu, mdomo wangu ulisema, "Ni wa jirani."

Shemeji yangu, aliyekuwa msemaji wetu, akainamisha macho. Kijana alisimama akitazama TV. Nadhani alikuwa anangoja pahali pake pafike. Hapakufika. Akaweka jogoo chini polepole na kusema, "Basi mama, kuku ndiyo hii nimetumwa nilete. Mimi narudi kwetu."

Akarudi Likuyani. Simu zangu hashiki.

Nilimwambia msichana amrudishe kwa video, nimtumie aone. Akalia. Akasema zile video za kwanza alizifuta kwa simu na kwa laptop, maana nafasi ilikuwa imejaa. Mimi nilidhani ni kama kitambaa kwa fundi, kikikatwa vipande vinabaki chini unaokota. Kumbe hakuna chini. Yale maneno yake na tumbili hayako tena popote.

Nikaenda Likuyani. Alinipa kiti, akanipikia chai, akaniuliza kama mgongo bado unaniuma. Nikapiga magoti. Akaniinua, akasema, "Mama, sina hasira. Kwa harusi nitakuja kama ni ndugu ya dada. Kama ni wa jirani, majirani uko nao wengi."

Harusi ni mwezi ujao. Msichana anasema, "Mama, ngoja ipite, ndio tuseme." Shemeji pia anasema hivyo. Lakini kijana asipokuwa hapo siku dada yake anatolewa nyumbani, najua hatarudi kwangu tena. Na nikienda Kabras niseme yule mliyemuona na jogoo ni wangu, nilimzaa mimi, watauliza ni kwa nini nilidanganya, na huenda msichana wangu akaachwa kama yule wa jirani. Nao hawatasema ni kovu. Watasema ni mama.

Nishaurini mlio na watoto. Wote wawili nimewabeba tumbo moja. Nimuumize yupi?