Maneno ya Mwisho ya Fundi Redio

Baba alikufa asubuhi, mimi nikiwa chumba hicho hicho, nimevaa hedifoni. Mama alikuwa ameenda Feri kununua samaki. Nilikuwa nanakili hotuba za mkutano wa Mnazi Mmoja, maana mhariri alinisumbua kwa simu tangu alfajiri, habari iko wapi. Nikainua kichwa, nikaona midomo ya baba inacheza pale kitandani. Nikamwonyesha kidole: subiri kidogo. Nilipovua hedifoni, alikuwa ameshakata roho.

Mama aliporudi nikamwambia baba hakusema kitu, alilala tu. Tukazika. Sikulia, na watu wakanisifu eti mkakamavu. Ukakamavu gani, bwana! Nilikuwa nimekufa ganzi, na ganzi hiyo sijui itanitoka lini.

Gazetini nina kazi mbili. Asubuhi naandika habari, mchana naandika riwaya ya kisayansi, kipande kimoja kila siku. Wenzangu wananiita Balozi wa Mwezini. Arobaini ilipopita nikaanza riwaya mpya: Kariakoo ya miaka mia ijayo, fundi redio amefariki, lakini sauti yake imehifadhiwa kwenye mashine na kila siku inaongea na mkewe. Fundi yule alikuwa baba mtupu, anavyokohoa kabla ya kukataa jambo, anavyowaita wateja wote "mkwe". Niliandika kama mtu anayemenya viazi, mikono tu ikienda.

Mama hakuwahi kusoma riwaya yangu hata moja. Mashine na nyota, alikuwa akisema, mambo ya watu wasio na kazi. Hii akaisoma. Kila jioni alinipokea mlangoni, akaitikia shikamoo yangu huku mkono umeshafika kwenye gazeti. Alisoma kwa kunong'ona, kisha akalikunja na kulitia chini ya godoro. Nilimwona, sikuhisi kitu, na nikaogopa kwamba sihisi kitu.

Baada ya miezi michache mhariri akaniambia nimalize kwa vipande vitatu. Ukurasa wangu umechukuliwa na tangazo la kubeti. Sikubishana. Katika kipande cha mwisho mashine inazimwa, na sauti ya fundi inasema: mwambieni mke wangu asihangaike, aje akae.

Mama alikisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Mwanangu, haya aliyasema yeye?"

"Ndiyo" moja tu ingetosha. Angelala usingizi mzuri, na mimi pia.

"Alisema kitu, mama. Nilikuwa na hedifoni masikioni. Nikamwonyesha kidole asubiri."

Akalikunja gazeti. Chumba cha pili wapangaji walikuwa wakisukumana kwa mzaha.

"Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unabahatisha."

"Ndiyo, mama."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alisogeza kigoda chake mpaka magoti yetu yakagusana, akaniambia nimwonyeshe midomo ya baba ilivyokuwa inacheza. Nikasema sikumbuki vizuri. Akasema nijaribu tu. Basi nikafungua mdomo na kuufumba, bila sauti, mara tatu, mara nne, na mama akanitazama kwa makini, akitafuta humo jina lake.