Marumaru ya Watu

Kila kiangazi kilipoingia Rumonge, Tahira binti Hadji aliongeza masharti jikoni kwake. Wakati wa mvua alivumilia mengi. Kuanzia Juni, upepo ulipoleta vumbi la barabara ya Nyanza-Lac mpaka ndani ya masufuria, hakuvumilia lolote. Jiwe la mezani lisipanguswe kwa kitambaa kikavu. Vumbi liondolewe kwanza kwa brashi laini, maana vumbi lina mchanga na mchanga hukwaruza. Ndipo kitambaa chenye maji, kisha kikavu. Sufuria ya moto ikae juu ya ubao. Mawese yasisogee karibu bila sinia chini yake. Na ndimu, ambazo kiangazi hutumika kwa samaki na kwa maji ya kunywa, zikatiwe uani.

"Wifi, hili ni jiwe au ni mgonjwa?" aliuliza Zuwena, dada wa marehemu mume wake.

"Ni jiwe la watu," Tahira alimjibu. "Mgonjwa angekuwa wa kwetu, nisingehangaika hivi."

Kweli lilikuwa la watu. Lilikuwa bamba la marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu, refu kama mlango. Zamani lilikuwa kaunta ya duka la Mgiriki mmoja Bujumbura. Duka lilipobomolewa, Généreuse, mkunga aliyekaa mitaa miwili kutoka kwa Tahira, alilinunua, na Nasoro, mume wa Tahira, fundi mwashi, akamjengea jikoni. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na moja. Oktoba ya tisini na tatu vita vikaanza. Généreuse aliondoka na watoto wake na mfuko mmoja. Alipopita mlangoni kwa Nasoro alisema maneno machache tu: "Fundi, ukiweza, jiwe langu."

Siku ya tatu watu walianza kung'oa mabati na milango ya nyumba ile mchana kweupe. Nasoro alikwenda na tindo na mkokoteni, akalitoa jiwe, akalipitisha katikati ya mtaa. Hapo ndipo jina lake lilipoharibika. Saa ileile, njia ileile, mwingine alibeba mlango, mwingine kitanda, na Nasoro alisukuma marumaru. Aliyemwona angejuaje tofauti?

Nasoro hakujali. "Jiwe likiegeshwa ukutani hupasuka," alimwambia mkewe. "Likilazwa uani litakanyagwa. Nitalijenga hapa. Litumie kama mwenyewe angelitumia, lakini si lako." Tahira, ambaye alimaliza shule ya ualimu kabla ya kuolewa, alimpa daftari la shule. Nasoro akaandika tarehe, na chini yake: Jiwe la Madamu Généreuse, kwa amana. Kona ya kushoto imemeguka kama ukucha. Doa jingine hakuna. Akatia sahihi.

Mwaka wa tisini na saba Nasoro alifariki kwa homa. Watu walikuja kuzika, wakasoma hitima, wakala wali uliopakuliwa juu ya jiwe lilelile, na wakarudi kwao wakisema yaleyale. Asmani, aliyeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ng'ambo ya barabara, hakusubiri hata arobaini ipite.

"Mwalimu, hilo kaburi lako la jikoni limeng'aa leo?"

"Limeng'aa, Bwana Asmani. Njoo ujipime."

Alijibu hivyo kwa sababu mwanamke wa nyumba ya heshima halii barabarani. Lakini kila neno lilimwingia. Wanawe wawili walibeba jina la Nasoro. Yeye aliwahi kufundisha nusu ya watoto wa mtaa ule kuandika, na wazazi wao walimwita mke wa mwizi.

Julai ya mwaka elfu mbili, dereva wa basi dogo la Bujumbura alimletea barua. Siku zile magari yalikwenda kwa msafara wa wanajeshi, na siku nyingine hayakupita kabisa. Barua ilikuwa fupi. Généreuse alisema atakuja Jumamosi, njia ikiruhusu. Aliandika: "Nimesikia jiwe langu liko kwako. Nataka kuliona."

Tahira aliisoma mara tatu. Hapakuwa na pole ya kifo cha Nasoro. Hapakuwa na asante.

Jumanne alikwenda kwenye msiba Magara. Aliporudi, harufu ya ndimu ilimpokea mlangoni.

"Wifi, njoo uone!" Zuwena aliita. "Nimelitakatisha mpaka limeona haya."

Zuwena alikuwa amekaanga samaki, mawese yakamwagika, naye akafanya kama afanyavyo kila mwanamke wa Rumonge meza inaponuka samaki: majivu na ndimu, na kusugua kwa nguvu zote. Ubao hupona kwa dawa hiyo. Marumaru huliwa nayo. Katikati ya jiwe palikuwa na duara la rangi ya chungwa, ukubwa wa kitako cha bakuli, ambapo mafuta yalikuwa yamezama. Kulizunguka, mng'ao wote ulikuwa umekufa. Palikuwa pameparara kama ngozi isiyopakwa mafuta.

Tahira aliweka mkoba wake chini. "Nilikuambia nini kuhusu ndimu?"

"Ulisema nisikatie ndimu hapo. Sikukata. Nilikata uani, nikaleta."

Tahira alileta maji, akaosha majivu yaliyobaki.

Habari ilivuka barabara kabla ya magharibi. Asmani alikuja na chupa ndogo mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Mafuta ya karanga, Mwalimu. Paka Jumamosi asubuhi, pangusa kidogo. Litang'aa lote sawasawa."

"Likikauka?"

"Likikauka, yeye iko Bujumbura."

Tahira aliishika ile chupa. Alijua ingefanya kazi. Alijua pia kwamba Généreuse angeondoka, na siku ya pili au ya tatu angetuma mtu kulichukua, na mtu huyo angeliona doa. Doa lililo wazi lingemfanya Tahira aitwe mzembe. Doa lililofichwa lingemfanya Nasoro kuwa mwizi kweli, miaka mitatu baada ya kuzikwa.

"Murakoze," alimshukuru, akamrudishia. "Kakaangie ndagala."

Kazi alianza Jumatano. Alichukua udongo mweupe, ule wa kupaka kuta, akaukanda kwa maji ya sabuni mpaka ukawa mzito kama ugali, akaulaza juu ya duara na kuufunika kwa nailoni, maana hewa ya kiangazi ingeukausha kabla haujanyonya. Alhamisi aliubandua. Ulikuwa umegeuka wa manjano upande wa chini. Akaweka mwingine. Ijumaa rangi ya chungwa ilikuwa imekwisha. Ndipo alipofungua sanduku la kazi la Nasoro, akatoa karatasi za msasa, akazilowesha, akasugua polepole kuanzia iliyo kali mpaka laini kabisa, maji yakitiririka meupe kama maziwa. Zuwena alimletea maji ndoo kwa ndoo.

Mng'ao ulirudi, lakini si wote. Palibaki pahali pa ukubwa wa kiganja ambapo mwanga wa dirisha ulififia.

Jumamosi msafara ulifika baada ya adhuhuri. Généreuse alikuwa amekonda. Alisalimu kwa "Amahoro," akakataa kiti, akaenda moja kwa moja jikoni. Kabla hajanyoosha mkono, Tahira alionyesha kwa kidole.

"Hapa pameharibika. Ndimu, Jumanne hii. Nimefanya nilivyoweza. Kona ya kushoto iliharibika kabla jiwe halijaja kwangu."

Généreuse alipapasa kona, kisha pale palipofifia.

"Kona ilikuwa mimi," alisema. "Mchi uliniponyoka." Akamgeukia Tahira. "Madamu, niliambiwa bwana wako aliiba jiwe langu. Miaka saba niko najua hivyo."

"Ulimwomba mwenyewe. Mlangoni hapo."

"Mimi? Siku ile?" Alitikisa kichwa. "Siku ile sikumbuki hata viatu nilivyovaa."

Tahira alileta daftari. Généreuse alisoma akiwa amesimama, akafika kwenye sahihi, akarudi juu kwenye tarehe, na hapo akavuta kiti alichokikataa, akakaa.

"Mimi nilikuwa nakatia ndimu hapa kila siku," alisema mwishowe. "Fundi akija ananigombeza."

Hakulichukua jiwe. Nyumba aliyopanga haikuwa na jiko la kulitosha, na hakuna gari ambalo lingelibeba katika msafara. Aliomba kalamu. Chini ya maandishi ya Nasoro aliandika kwamba ameliona jiwe lake, kwamba lilitunzwa na wenye nyumba hii tangu siku alipoondoka, na kwamba linabaki kwa amana mpaka njia itulie. Tahira aliomba aongeze lile doa. Akaongeza.

Alipotoka, Asmani alikuwa mlangoni kwake akijifanya kupanga ndagala. Généreuse alivuka barabara mwenyewe.

"Wewe ndiye uliyeniambia habari ya fundi Nasoro?"

"Si mimi peke yangu, Madamu."

"Basi uwaambie na wale wengine kwamba nimekuja."

Tahira hakusubiri kusikia jibu. Upepo ulikuwa umeanza. Alirudi jikoni, akachukua brashi laini, akaanza upande wa dirishani.