Kitambaa cha Koma

Nilipokuwa mtoto niliwahi kumvua marehemu nguo. Kwetu Ganze, ukingoni mwa msitu mtakatifu wa kaya, wazee waliokufa walisimamishiwa koma, vigingi vya mti vinavyomfika mtu mzima gotini, na kila kimoja kilifungwa kitambaa kiunoni. Cha babu kilikuwa chekundu. Nilikuwa na miaka saba, na mwanasesere wangu wa gunzi la mahindi hakuwa na nguo.

Jambo hilo nililiacha huko huko. Miaka miwili Riyadh sikulikumbuka, na hapa Al-Rawdah, Jeddah, kazi za ndani hazinipi nafasi. Lakini mwaka jana madam alirudi kutoka matembezi ya Japani, akanionyesha picha kwenye simu huku nikikunja nguo. Bonde la mpunga, hekalu la mbao chini ya miti mirefu, na kando ya njia safu ya vijiwe vyenye sura za watoto, vimefungwa vitambaa vyekundu shingoni.

"Angalia, Kadzo, mawe yamevaa!" alicheka. Aliambiwa ni desturi ya Wabudha, kina mama waliofiwa na watoto ndio huyavisha. "Kwenu mnayo haya?"

"Mafi, madam," nikasema. Hakuna.

Kitambaa cha babu nilikichukua asubuhi. Kesho yake mdogo wangu Katana akaanza kutetemeka kwa homa. Hawe, yaani nyanya yetu, alikwenda na tembo la mnazi kumwombea kwa babu, akakuta kigingi kiko uchi.

"Nani amemvua mzee?" alipaza sauti uani. "Anasikia baridi huyu. Atajifunika mtoto!"

Nikanyamaza. Mama alikuwa ameshamfunga Katana mgongoni ampeleke zahanati, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Hawe akasimama mlangoni. "Ukimtoa kabla mzee hajavishwa, humrudishi. Na amvishe yule yule aliyemvua."

Siku mbili watoto wote wa boma tuliulizwa. Binamu yangu Sidi alichapwa bure. Mimi nililala na gunzi langu, limevaa kitambaa, chini ya tumbo.

Siku ya tatu Katana aligeuza macho. Nilikimbia nikakifunga kitambaa, fundo la ovyo. Hawe alinikuta pale pale. Hakunichapa. Alilifungua fundo, akalifunga upya, kisha akaita, "Mama Kadzo! Haya, nenda!"

Katana alipona. Ilikuwa malaria, na iliondoka na masikio yake; hasikii tangu hapo. Hawe alikufa akisema mzee alitaka mtoto mzima, akakubali masikio.  Watoto wangu mwenyewe wako na mama sasa, na wakipata joto napiga simu: hospitali, sasa hivi, halas, sitaki maneno.

Usiku wa zile picha nilimwandikia Katana kwamba kitambaa nilikichukua mimi. Ni fundi viatu, mtu wa mzaha. Akajibu upesi.

"Kumbe wewe ndiye mwizi wa maiti! Na Sidi anajua?"

"Usimwambie."

"Atakudai viboko vyake. Dada, ulikuwa mtoto. Lala."

Sikulala. Kwa kitambaa Katana amenisamehe, na kitambaa si kitu. Sidhani kama babu alisikia baridi. Ni zile siku mbili. Mama alikuwa tayari kuondoka, na neno moja langu lingemtoa hawe mlangoni. Katana alikuwa na miaka minne, hakumbuki zilikuwa siku ngapi. Hakuniuliza nilinyamaza kwa muda gani, nami sikumwandikia.