Jina Alilolitaja Mwamini

Mwamini binti Shomari alishika mimba tatu kabla hajatimiza miaka ishirini na mitano, na mbili za kwanza zilimrudisha mikono mitupu. Mbwawa ya miaka ile ya thelathini ilikuwa mihogo, mikorosho na pori, na mkunga wake alikuwa mmoja tu, Bi Mwanamvua, ambaye pia ndiye aliyemzaa Kondo, mume wa Mwamini.

Sitaki kumsingizia bibi yule. Mikono yake ilikuwa myepesi, na nusu ya watu wa Mbwawa waliipokea dunia mikononi mwake. Ila alikuwa na imani moja iliyomganda kama kupe: mtoto akikataa kutoka, basi mama yake ameficha mwanamume. Mzazi aliyelemewa na uchungu aliambiwa amtaje. Akimtaja, njia inafunguka. Asipomtaja, ajilaumu mwenyewe. Wanawake wote waliamini hivyo, Mwamini naye akiwamo, na hapo ndipo balaa lilipolala, maana yeye hakuwa na wa kumtaja.

Mara ya kwanza aliapa kwa jina la Mungu. Uchungu ulichukua siku mbili, mtoto akatoka amekufa. Mara ya pili aliomba aletewe msahafu aushike, akaambiwa mwenye uchungu hashiki msahafu. Mtoto huyo naye akazikwa. Kondo hakumtukana wala hakumpiga. Siku moja tu, wakipalilia muhogo, alimwuliza bila kuinua uso, "Ni nani huyo unayemthamini kuliko wanangu?"

Mwamini hakupata usingizi mzuri tangu siku hiyo.

Mimba ya tatu aliibeba kwa sala. Tano za faradhi hazikumtosha, akaongeza za sunna, akafunga Jumatatu na Alhamisi mpaka Siwema akamkemea. Siwema alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, wamechezwa ngoma ya unyago mwaka mmoja, na tangu mimba ya kwanza ndiye aliyekuwa akimtekea maji ili asinyanyue mtungi. Mwezi wa Rajabu, mimba ya Mwamini ikiwa ya miezi minne, homa ilimchukua mume wa Siwema, Mwishehe. Siwema alikaa eda. Alipotoka, kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kuchukua mtungi wa Mwamini na kwenda kisimani. Alimpenda mumewe waziwazi, jambo ambalo wenzake waliliona utoto, na kila Alhamisi alimpelekea mwalimu wa chuo cha Kurani sahani ya wali ili marehemu asomewe Yasini.

Uchungu ulianza Ijumaa alfajiri. Jumamosi adhuhuri mtoto alikuwa bado, na Mwamini ameshaishiwa hata sauti ya kulia.

"Mtaje, mwanangu," Bi Mwanamvua alisema. Alikuwa analia pia, na machozi yale hayakuwa ya uongo. "Mtaje umwokoe. Wawili wametosha."

Mwamini akamsikia mtoto akigonga, mara moja, kwa unyonge. Basi akaanza kutafuta jina, hivi hivi tu, kama mtu anayetafuta kibiriti gizani. Amtaje Mwinjuma muuza samaki? Kondo angemkata panga. Amtaje Abeid? Angeitwa barazani, aape, mkewe aondoke. Kila mwanamume hai alikuwa na wa kumlilia. Akamkumbuka aliyekwisha kufa. Maiti haitwi barazani. Maiti hakatwi panga.

"Mwishehe," akasema.

Nje ya ukuta wa udongo, Siwema alikuwa akikoroga uji wa mzazi. Mwamini alisikia mwiko ukinyamaza.

Kabla ya alasiri mtoto akatoka, wa kike, mzima, analia. Bi Mwanamvua alipiga vigelegele mpaka akapaliwa. Kondo alimbeba mtoto akamwita Sikudhani. Na Mwamini, nasema ilivyokuwa, alifurahi. Alifurahi siku sita nzima kabla hajauliza mbona Siwema hajaja kumwona mtoto.

Siwema hakuja. Alhamisi ile sahani haikwenda kwa mwalimu, wala Alhamisi iliyofuata. Wakikutana kisimani, Siwema aliteka, akajitwika, akaondoka.

Mara ngapi Mwamini alisimama mlangoni kwa yule shoga yake, maneno yakiwa tayari mdomoni? Nyingi. Na kila mara mtoto alikuwa ametoka kwenye homa, au anaiingia, naye akarudi nyuma. Jina lilimtoa Sikudhani. Akilikana, je, si litamrudisha alikotoka? Aliogopa, kwa kweli aliogopa, na uoga wake ulikuwa na sura ya mtoto. Hata kwenda kulipalilia kaburi la Mwishehe alishindwa, maana wangesema anamlilia bwana wake. Kondo alimsamehe mbele ya watu, na msamaha ule aliula pamoja na ugali kila siku. Mimba nyingine hakupata.

Miaka kumi na tisa ilipita hivyo. Mwaka wa hamsini na nne Sikudhani, aliyeolewa na Mfaume, alirudi kwao kujifungulia mimba yake ya kwanza. Siku ya pili ya uchungu Bi Mwanamvua, macho yameshaingia ukungu, alipapasa tumbo la mjukuu wake na kusema neno lake lile lile.

"Mtaje."

"Sina, bibi."

"Mamako naye alisema hana. Alipotaja, ukatoka wewe. Ungekuwapo leo?"

Sikudhani akageuza kichwa kumtafuta mama yake. "Mama," akasema, "nimtaje nani?"

Mwamini alisimama.

"Usimtaje mtu. Mimi nilisema uongo."

"Nyamaza, utamuua mtoto!" Bi Mwanamvua alipiga kelele.

"Nimenyamaza miaka kumi na tisa, mama." Akatoka uani walipokaa wanaume, akasema kwa sauti ya kuvuka ukuta na ua wa jirani: "Mwishehe hakunigusa! Hajapata kunigusa! Nilimtaja kwa kuwa amekufa. Sasa nibebeeni mwanangu barabarani, apelekwe hospitali."

Watu walitazamana. Kondo ndiye aliyeinuka wa kwanza. Aliingia ndani, akashika mguu mmoja wa kitanda cha kamba, na Mfaume akashika wa pili. Walifika barabara ya Morogoro jua likiwa la utosi, na lori la mihogo likawachukua mpaka mjini.

Daktari alimpasua Sikudhani akamwokoa. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakufa.

Waliporudi, Mbwawa ilikuwa imekwisha kutoa hukumu. Mama amelikana jina, jina limechukua lake. Mwamini aliyasikia hayo yakisemwa nyuma ya mlango na mbele yake. Alitandika mswala akasali, akamwambia Mungu wake kwamba wa tatu huyu pia ni wake Yeye, na kwamba leo angalau anamwomba bila uongo katikati yao.

Siku ya tatu Siwema aliingia bila hodi. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake.

"Kila Alhamisi nilikuwa namsomeshea Yasini," akasema. "Toka siku ile nimemwacha peke yake. Miaka kumi na tisa, Mwamini. Alikuwa ananingoja mimi."

"Nisamehe, Siwema."

"Sijui kama nitakusamehe. Chukua jembe."

Wakaenda makaburini, nyuma ya msikiti. Pori lilikuwa limepanda mpaka kiunoni, na vile vijiti vya alama mchwa walikuwa wamekwisha kuvila. Walifyeka mpaka vikatokea vituta viwili, kimoja pembeni mwa kingine, vyote vimebonyea sawasawa. Siwema akasimama mbele ya kimoja.

"Ni hapa," akasema. Kisha akasogea. "Au hapa."

Akamtazama Mwamini, kana kwamba yeye ndiye angejua. Mwamini hakujua.

Wakavipalilia vyote viwili.