Handaki la Bibi

Mji ule wa Ufaransa umezungushiwa ukuta wa mawe mpana kiasi kwamba watu wanatembea juu yake, na siku hiyo mimi, dereva wa watalii kutoka Karatu, ndiye niliyekuwa mtalii. Wenyeji wangu walikuwa mzee mmoja Mfaransa na mkewe, wageni niliowahi kuwashusha kreta ya Ngorongoro, wakaahidi siku moja kunialika kwao. Nilipiga picha kila kona kama mshamba. Niliuliza yale maswali ya kijinga ninayoulizwa mimi kazini, na nikafurahi kweli.

Mchana tukashuka chini ya ukuta, kwenye handaki ambamo zamani watu walijificha wakati wa vita. Nikacheka moyoni, maana handaki hata kwetu lipo.

Bibi mzaa mama alikuwa na nyumba ya kale ya Kiiraqw, iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, paa lake la udongo likiwa sawa na majani. Wezi wa ng'ombe walipokuja, mifugo na watoto walifichwa humo. Wageni wakielekea Ngorongoro nilikuwa nawapitisha hapo. Lakini shimo tupu halimtoi mgeni machozi, kwa hiyo nikaongeza chumvi kwa Kiingereza changu: wezi wakiwa juu ya paa, mtoto mchanga alianza kulia, akazibwa mdomo, na walipoondoka alikuwa hapumui tena. Niliitunga mwenyewe nikiwa kwenye usukani. Nikifika hapo kwenye hadithi nilikuwa naweka kiganja mdomoni na kunyamaza. Wageni walikuwa hoi.

Bibi ndiye aliyeniudhi. Kila nilipofika sehemu hiyo ya hadithi aliinuka kwenye kigoda chake, akatoka kwenda kwa mbuzi.

"Bibi, mbona unawakimbia wageni?" nilimtania. "Wanataka picha na wewe!"

Yeye akaendelea kuwatupia mbuzi majani.

Basi kule Ufaransa, dada aliyekuwa akitutembeza akasema atazima taa dakika moja, tuonje giza walilokaa wale watu. Tulikuwa wanane, wote watu wazima. Taa ikazimika. Nikasikia harufu ya moshi wa kuni na mkojo wa ng'ombe. Kisha, karibu na goti langu, mtoto mchanga akalia mara moja, na kilio kikakatwa katikati.

Taa ilipowaka, mtoto hakuwepo. Wenyeji wangu walikuwa wanatabasamu tu. Kiganja changu kilikuwa mdomoni, kimelowa, na sijui nilikiweka saa ngapi. Niliogopa, sioni haya kusema.

Tulipotoka juani nikampigia mama. Nikamweleza yote, pamoja na uongo wangu wa miaka yote ile.

"Nani alikuambia habari za yule mtoto?" akauliza.

"Mtoto gani, mama? Nilitunga mwenyewe."

"Bibi yako aliniambia mimi peke yangu, nikiwa na mimba yako. Siku hiyo ya wezi yeye alikuwa na miaka kama saba. Mtoto alikuwa mdogo wake, na yeye ndiye aliyempakata humo ndani."

Mzee akaniletea maji, nikakaa juu ya jiwe la ukuta nikalia mbele ya watu.

Bibi tulimzika mwaka juzi. Kiingereza hakukijua hata salamu, ndiyo maana sikuwahi kujiuliza anakimbia nini. Maneno yangu hayakumfikia kabisa. Alikuwa anautazama mkono wangu mdomoni.