Difu ya Nyuma Usiiguse

Mboni alikuwa fundi difu, yale mabonge ya gia yanayozungusha matairi, pale Ilala kwa miaka kumi na tisa, na ulimi wake ulikata kuliko msumeno. Mmwera wa Nachingwea, darasa la saba, karakana aliachiwa na marehemu mumewe Haruna. Mwanaume akimwambia hiyo si kazi ya wanawake, humjibu: "Basi lala wewe chini ya gari, mimi nikakupikie." Hajalala hata mmoja.

Ilikuwa siku nne kabla ya Krismasi, Kariakoo imefurika, ndipo Rogath alipomletea mkonga, ile foo wili ya zamani yenye bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo. Gari hilo alikuwa amelinunua wiki iliyopita. Ndani walikuwamo mkewe Josepha, mama mkwe wake na watoto watatu. Juu ya keria, mchele na godoro. Wakitoka hapo ni Rombo, Kilimanjaro, moja kwa moja.

"Shikamoo, mama fundi."

"Marahaba, Mangi. Mnapanda mlimani?"

"Tunapanda. Nibadilishie oili difu ya mbele, na ile gia boksi ndogo ya kugawa nguvu mbele na nyuma. Difu ya nyuma usiiguse."

"Kwani ina mimba?"

"Aliyeniuzia ameshabadilisha. Amesema isifunguliwe kabisa."

Mboni akavuta kadibodi lake la kulalia. Tangu azaliwe hajasikia muuzaji akikataza mtu kufungua kitu kizima.

Aliwashusha wote, maana halali chini ya watu, akawakalisha kwenye benchi. Gari lilikuwa bado la moto, oili ingeshuka vizuri. Alifungua kwanza nati ya juu ya kujazia, ndipo ya chini ya kumwagia. Haruna aliwahi kuanza na ya chini. Ya juu ikagoma, gari la watu likalala kavu siku tatu. Difu ya mbele ilitoa oili nyeusi, imechoka tu. Gia boksi ndogo vilevile. Akajaza mpaka oili ikachungulia tundu, akafunga.

Rogath alikuwa barabarani anaongea na simu. Mboni akajivuta nyuma juu ya kadibodi lake. Nati za difu ile zilikuwa na majeraha mapya ya patasi. Akafungua ya juu, akasogeza karai, akafungua ya chini.

Haikutoka oili. Ulitoka uji mzito wa rangi ya ugoro, ukianguka mabonge mabonge. Akausugua vidoleni: maranda ya mbao. Difu inayolia hushindiliwa maranda ikanyamaza wiki mbili, muda wa kumpata mnunuzi. Kisha kitu kikagonga karai. Jino la gia, limekatika kwenye shina.

"Nilikwambia nini, mama?" Rogath amerudi, uso umemvimba.

"Sikiliza wewe. Hili limeng'oka, mengine yanafuata. Yakijibana, matairi ya nyuma yanakamata kwa mpigo mmoja, gari linajigeuza lenyewe."

"Tumetoka Tegeta bila hata mlio!"

"Maiti nayo hailii."

"Ukoo mzima unanisubiri. Picha ya gari nimeshawatumia. Jaza oili!"

"Sijazi." Akaifunga nati ya kumwagia kwenye pindo la khanga yake. "Nenda kanunue nyingine. Na fundi kanunue mwingine."

Rogath akaenda kweli. Nyuma yake Mboni alilifuta lile jino, akaliweka kiganjani mwa Josepha.

"Litafika?" Josepha aliuliza.

"Chalinze linaweza. Same linaweza. Zile kona za kupanda kwenu, mdogo wangu, siapi."

Josepha akafumba kiganja.

Rogath alirudi na nati mpya na Abdulkadiri, fundi wa mtaa wa pili, ambaye alikwepa macho ya Mboni.

"Umeona karai, Abdulkadiri?"

"Nimeona, dada. Mwenye gari ndiye mwamuzi."

Akafunga, akajaza, akaondoka bila kuaga. Rogath akawasha gari. "Pandeni!"

Bibi akainuka. Josepha akamshika pindo. "Kaa, mama."

"Josepha, unaniaibisha mbele za watu?" Rogath alifoka.

"Shusha begi la watoto, baba Eli. Hatupandi."

"Basi la leo utalipata wapi?"

"Nisipopata, sikukuu tutaila hapahapa."

Rogath akapiga honi. Hakuinuka mtu. Begi akalitupa chini mwenyewe, akaondoka na mchele na godoro.

Josepha alibaki kwenye benchi, simu mapajani. "Nimpigie?"

"Usimpigie dereva. Subiri apige yeye," alisema Mboni, akisugua mikono kwa sabuni na mchanga. Magari mawili yalikuja. Wenye nayo aliwaambia warudi kesho.

Alasiri simu ikalia. Rogath yuko Chalinze, anacheka mpaka benchi zima linasikia. "Mwambie huyo mama fundi wako gari linakwenda kama maji! Mwambie!"

Watoto wakashangilia. Josepha akamtazama Mboni usoni, akitafuta hata nusu tabasamu.

"Bado mlima," alisema Mboni.